Risasi za KAR: zisipigwe siku ya kumbukumbu, wala zisiwekwe kabatini zikiwa hai

Ndugu Mhariri,

Niruhusu nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Bombo aliyeuliza hivi karibuni familia yake ifanye nini na risasi za bunduki ya .303 zilizokutwa darini walipobomoa nyumba ya babu yao, aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Kwa maelezo yake ukoo umegawanyika: vijana wanataka zipigwe hewani siku ya kumkumbuka mzee, kwa heshima ya kijeshi, na wazee wanataka ziwekwe katika kabati la kioo sebuleni, pamoja na nishani zake. Nimekuwa fundi wa silaha kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na sasa nimestaafu. Naona pande zote mbili zimekosea jambo lilelile, kwa kuwa zote zinadhani kwamba thamani ya risasi ile imo katika moto wake, ambapo moto huo ndio sehemu pekee ya risasi isiyostahili kuhifadhiwa.

Nianze na sheria, nami sitakaa hapo sana. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka mtu awe na cheti ili amiliki bunduki, na takwa hilo linazihusu risasi pia, hata kama mwenye kuzishika hana bunduki ya kuzipigia. Kurithi nyumba ya babu si kurithi kibali chake. Kwa hiyo familia iende kituo cha polisi ikaeleze kilichopatikana, bila kubeba hata risasi moja, na iwaache wataalamu waje wenyewe. Nasema bila kubeba kwa sababu mtu atakayesimamishwa kwenye kizuizi akiwa juu ya boda boda na risasi hamsini mfukoni atakuwa na kazi ngumu ya kumshawishi askari kwamba alikuwa njiani kuzisalimisha.

Sasa tuifungue risasi yenyewe, kwa maneno tu. Risasi ya .303 ambayo wazee wetu wengi waliijua ni ile iitwayo Mark VII, iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1910, yenye kichwa kilichochongoka cha gramu 11 na kitu, kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 744 hivi kwa sekunde. Ina ganda la shaba ya njano, fataki iliyo katikati ya kitako, ambayo ikigongwa huwasha baruti, kisha baruti yenyewe na kichwa. Baruti yake kwa kawaida ni kodaiti, ambayo si unga bali ni nyuzi ndefu kama tambi, zilizotengenezwa kwa nitroselulosi na nitrogliserini pamoja na mafuta mazito ya petroli. Nitroselulosi haitulii milele. Huvunjika polepole tangu siku ilipotengenezwa, ikitoa gesi zenye asidi. Gesi hizo nazo huharakisha kuvunjika kwake. Na joto huharakisha yote mawili. Wenye kuhifadhi risasi Ulaya huzungumzia vyumba vya chini ya ardhi vyenye baridi ya kudumu. Dari iliyo chini ya mabati huku kwetu, inayochomwa na jua mchana na kupoa usiku kwa miongo kadhaa, ni mahali pabaya kuliko karibu pote ambapo mtu angeweza kuchagua.

Fataki za zama zile zilikuwa na klorati ya potasiamu, na nyingi zilikuwa na zebaki pia. Klorati inapowaka huacha mtutuni chumvi ya kloridi ya potasiamu, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuanzisha kutu, na kwa kuwa chumvi hiyo haiyeyuki katika mafuta, mtu anaweza kuisafisha bunduki yake kwa mafuta bora kabisa na bado akaikuta imeliwa ndani. Ndiyo sababu askari wa zamani walifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni kwa faneli baada ya kupiga, kisha kukausha, kisha ndipo kupaka mafuta. Vijana wanaotaka kupiga risasi za babu hawana habari ya maji hayo, na mtu atakayewaazima bunduki yake ndiye atakuja kulipa gharama ya heshima yao.

Shaba nayo ina adui asiyejulikana na wengi. Mwanzoni mwa karne iliyopita jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuliwa na maganda ya risasi yaliyopasuka yenyewe yakiwa ghalani, hasa msimu wa masika, na ikaja kugundulika kwamba chanzo kilikuwa amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi, kwa kuwa risasi zilikuwa zikitunzwa katika mazizi. Maelezo kamili ya kisayansi yalichapishwa mwaka 1921. Mimi nayatilia mkazo kwa sababu huku vijijini sanduku la zamani likiondolewa nyumbani huhamishiwa ama kwenye banda la kuku ama karibu na zizi la ng'ombe, mahali penye amonia tele. Ganda likishapata ufa kwenye shingo au, vibaya zaidi, karibu na kitako, gesi ya baruti haitaelekea mbele peke yake. Itarudi nyuma kupitia bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hadi kwenye jicho la mpigaji.

Kuna hatari nyingine mbili ambazo mtu asiyezoea risasi chakavu hawezi kuzikisia. Ya kwanza ni risasi inayochelewa: kifyatulio kimegonga, kimya kimetawala, mpigaji anafungua bolti ili aitazame, na hapo ndipo inapolipuka. Kanuni ni kuendelea kuelekeza mtutu mahali salama kwa angalau sekunde 30 bila kugusa chochote. Ya pili ni risasi yenye nguvu pungufu, ambayo fataki yake husukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Anayepiga ya pili juu ya hiyo hupasua mtutu au kuuvimbisha. Sasa nawaomba vijana wa Bombo wajiulize ni nani, kati ya watu waliosimama kwa majonzi kaburini, huku ngoma zikipigwa na kina mama wakilia, atakayehesabu sekunde 30 kwa utulivu. Tena risasi iliyopigwa hewani hurudi chini, na Bombo si pori.

Baada ya kuyasema hayo naogopa kueleweka kwamba napinga kila upigaji wa risasi ya zamani. Sipingi. Mwenye leseni, mwenye bunduki ya .303 iliyokaguliwa, aliye na shehena kubwa ya risasi za kawaida za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, zilizotunzwa vizuri, anaweza kupiga chache kwenye uwanja wa shabaha ili ajue hali ya zilizobaki, na mafundi wa maghala hufanya hivyo kila mahali duniani. Lakini huyo anapima, hasherehekei. Na kama haja yake ni kupiga tu, risasi mpya za .303 zingali zinatengenezwa, Serbia kwa mfano, zenye fataki zisizoacha chumvi, kwa hiyo hana sababu ya kuimaliza ya zamani, tuseme ya mwaka 1943.

Ugumu wa kweli uko kwa mwenye leseni aliyerithi bunduki ya kuwindia tembo, na historia yetu inamgusa moja kwa moja. Karamoja ndiko alikovuma W.D.M. Bell, Mskoti aliyeua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya .275 ya Rigby, watengenezaji bunduki wa Uingereza, ambayo kwa jina lake jingine ni milimita 7 ya Mauser. Wenzake wengi waliamini bunduki kubwa kama mizinga: .450 Nitro Express iliyotoka kwa Rigby mwaka 1898, na ndugu zake wakubwa waliofuata. Kiwanda cha Kynoch cha Birmingham kiliwatengenezea wawindaji risasi hizo kwa miongo mingi, kisha katika miaka ya 1960 kikaziacha. Bunduki za mitutu miwili za aina hiyo zilirekebishwa kiwandani, mtutu kwa mtutu, ili mitutu yote miwili igonge mahali pamoja kwa kipimo maalumu cha baruti. Kwa hiyo mwenye nayo husema, na kwa hoja nzito, kwamba risasi ya Kynoch ya zamani ndiyo pekee inayoifaa bunduki yake. Hoja hiyo ingesimama kama baruti ingebaki ilivyokuwa. Haikubaki. Baruti iliyochakaa hubadilisha kasi kutoka risasi moja hadi nyingine, na mitutu iliyolinganishwa kwa kasi moja haitalingana tena. Juu ya hayo, pakiti ya Kynoch isiyofunguliwa, ile ya risasi tano, huwa na thamani kwa wakusanyaji kuliko nyama yoyote itakayoangushwa nayo. Mimi ningemshauri aitunze pakiti na atafute risasi mpya zilizopimwa kwa kasi ileile.

Risasi za zamani zaidi ya hizo nisingezijadili hata kidogo. Januari 1892, kabla ya mapigano ya Mengo, Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala huku, aliwagawia Waprotestanti bunduki za Snider, na ikiwa kwenye kilima chochote cha Kampala kutafukuliwa risasi ya Snider iliyo nzima, hiyo ni mali ya taifa kabla ya kuwa mali ya aliyeiokota. Wala asidanganyike mtu kwa umri wake: baruti nyeusi ya zama zile haivunjiki kama kodaiti, na ikikaa pakavu huweza kuwaka vizuri baada ya miaka mia moja.

Narudi Bombo. Mji huo ulikuwa makao ya kikosi cha nne cha KAR, kikosi cha Uganda, ambacho katika Vita vya Pili vya Dunia kilifika hadi Burma katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Risasi iliyotoka kwa mtu wa kikosi hicho inaweza kuwa hati ya kihistoria au inaweza kuwa shaba tu, na kinachotofautisha ni maandishi. Fundi atakapofika aombwe asome kitako cha kila ganda. Atakuta alama ya kiwanda, kwa mfano K ya Kynoch au KF ya kiwanda cha Kirkee huko India. Atakuta tarakimu mbili za mwaka. Na atakuta VII au 7, yaani aina. Herufi Z ikifuata, ndani hamna kodaiti bali ni nitroselulosi ya kawaida. Risasi ya VIIIZ ni ya bunduki ya rashasha ya Vickers na ina shinikizo kubwa zaidi, kwa hiyo hata mwenye leseni asiitie katika bunduki ya kawaida ya kubebwa mkononi. Kuna pia rangi inayozunguka fataki: zambarau ni risasi ya kawaida, nyekundu ni inayoacha mstari wa moto, kijani ni ya kutoboa chuma, na buluu ni ya kuchoma. Hizo za buluu na nyekundu zisiguswe na asiye fundi, na zisipigwe na yeyote. Zilitengenezwa ili ziwake, na nyasi za kiangazi hazihitaji kusaidiwa.

Baada ya kusoma, uamuzi unakuwa mwepesi kuliko ukoo unavyodhani. Kwa kila aina na kila mwaka uliopatikana, zichaguliwe chache zilizo safi zaidi, zitolewe baruti na fataki zake ziuawe na fundi mwenye mamlaka, na ganda litobolewe tundu linaloonekana, ili kila atakayeishika, awe mjukuu au askari wa doria, ajue mara moja kwamba imekufa. Nyingine zote ziende kuteketezwa. Nasisitiza neno fundi. Anayetoboa ganda lenye baruti kwa drili ya umeme hatarudia. Pia zisitupwe chooni, wala ziwani, wala zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huziyeyusha pamoja na masufuria bila kuangalia.

Kuna watakaosema natisha watu, na watanikumbusha kwamba risasi moja ikitupwa motoni nje ya bunduki hupasua ganda tu na kichwa hakiendi mbali. Ni kweli, na ni lazima tuseme ukweli wote: milipuko ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, iliyoua zaidi ya watu 20 kila mmoja huko Dar es Salaam, ilihusu maghala ya jeshi yenye mabomu makubwa. Sanduku la darini halitavunja mtaa. Lakini kipande cha ganda kinatosha kutoa jicho la mtoto, na katika nyumba nyingi mtoto ndiye wa kwanza kulifungua kabati la kioo.

Zile zitakazobaki zikiwa zimekufa zinahitaji utunzaji, na hapa wazee wa Bombo huenda wakazidhuru kwa mapenzi. Askari mstaafu akiona shaba iliyofifia mkono wake hutafuta dawa ya kung'arishia vifungo. Dawa nyingi za aina hiyo zina amonia, na nimekwisha eleza amonia hufanya nini. Zaidi ya hayo, kung'arisha hufuta maandishi ya kitako, na rangi ile ya hudhurungi iliyokaa kwenye shaba kwa miaka 80 ndiyo ushahidi kwamba haijachezewa. Ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, ishikwe kwa glavu za pamba kwa kuwa jasho huacha alama isiyotoka, ikae pakavu mbali na jiko, na iachwe.

Kinachohitaji kazi zaidi ni karatasi. Risasi hizo ziliwafikia askari zikiwa tano tano katika klipu za chuma, ndani ya mikanda ya kitambaa ya risasi 50, na mikanda hiyo ikiwamo ndani ya masanduku ya mbao. Mkanda wa kitambaa, klipu, lebo na ubao wa sanduku wenye maandishi ni nadra kuliko risasi zenyewe, kwa sababu risasi hakuna aliyeitupa ila kitambaa kilifutiwa baiskeli. Vyote vipigwe picha kabla havijahamishwa. Pembeni yake iandikwe namba ya jeshi ya mzee, kikosi chake, mwaka alioingia na mwaka aliotoka, na vilipopatikana. Kadi yake ya kuachishwa jeshi iwekwe pamoja, na nishani ya Burma kama alikuwa nayo. Risasi isiyo na habari hizo inapatikana kwa wakusanyaji wa nchi nyingi. Yenye habari hizo ni ya Bombo peke yake.

Wapo wasomaji wa kaskazini watakaouliza kuhusu risasi za miaka ya karibuni, maana tangu ghala la kambi ya Moroto liliporwa mwaka 1979 bunduki na risasi zimezagaa Karamoja. Hizo nazo ni historia, sikatai, lakini ni historia ambayo bado inaua watu na mifugo. Zisalimishwe zote, na kumbukumbu itunzwe kwa picha na kwa masimulizi.

Ombi langu kwa wahusika ni moja. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 na ndiyo ya zamani kuliko yote Afrika Mashariki, lakini mwananchi wa kawaida mwenye sanduku la babu hajui kama makumbusho na polisi wanaweza kumhudumia kwa pamoja. Anachokijua ni kwamba akienda polisi vitateketezwa vyote, na akienda makumbusho ataulizwa kuhusu polisi. Kwa hiyo anaamua kunyamaza, na sanduku linabaki darini. Utaratibu mwepesi uliotangazwa redioni kwa Kiswahili, Kiganda na Kinubi, unaosema kwamba fundi wa polisi na mtaalamu wa makumbusho watafika siku moja na kwamba familia itarudishiwa sampuli iliyokufa pamoja na stakabadhi, ungetoa vitu vingi mafichoni.

Limebaki swali moja ambalo msomaji hakuliuliza, nalo litamkabili ikiwa kati ya vilivyokutwa kuna sanduku ambalo lakiri yake haijavunjwa. Thamani ya sanduku kama hilo imo katika kutofunguliwa kwake, na risasi zilizomo haziwezi kuuawa bila kulifungua. Nimebishana na mafundi wenzangu juu ya jambo hili na hatukukubaliana. Mimi nashauri lisifunguliwe na lisikae nyumbani: lihamishiwe kwenye ghala la silaha la serikali, likiwa limeandikwa jina la mzee na la makumbusho, likaguliwe kila mwaka kama lina joto au harufu ya asidi, na siku itakayoonekana moja ya dalili hizo lifunguliwe na kuteketezwa bila mjadala, yakibaki mbao na lebo. Kama ni masanduku mawili, basi moja lifunguliwe sasa.

Wako mtiifu,

Fundi Silaha Mstaafu,
Jinja.